Je, Wajua? Kahawa ya Mbozi na Majina ya Kuazima

Ingia kwenye mgahawa wa kahawa wa zamani jijini Tokyo usome kilichoandikwa ukutani. Utakuta Brazil, utakuta Kolombia, utakuta Mocha, na mara nyingi utakuta Kilimanjaro, jina ambalo Wajapani wamelikata kwa mazoea na kuliita "Kiriman". Ukiagiza kikombe, inawezekana kabisa ukaletewa kahawa iliyochumwa Mbozi, mkoani Songwe, zaidi ya kilomita 800 kutoka mlima wenyewe kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara ni mbali zaidi.

Usimlaumu mwenye mgahawa, maana hajakudanganya. Kanuni za majina ya kahawa zinazofuatwa na wafanyabiashara wa Japani zinasema Kilimanjaro ni arabika yoyote iliyolimwa Tanzania, isipokuwa ya Bukoba. Mbozi imo, Ileje imo, Mbinga imo, Tarime imo. Kahawa ya mchanganyiko nayo huruhusiwa kubeba jina hilo mradi angalau asilimia 30 ya punje zake ziwe zimetoka huko. Jina lenyewe lilishika kasi miaka ya 1950, baada ya Wajapani kuitazama filamu ya Marekani ya mwaka 1952 iliyotokana na hadithi fupi ya Ernest Hemingway kuhusu theluji ya Kilimanjaro. Hadithi hiyo inamhusu mtu anayekufa porini kwa jeraha lililooza mguuni, kwa hiyo ni vigumu kueleza ilimtiaje mtu hamu ya kahawa. Lakini ilimtia, na mpaka leo mkulima wa Vwawa anauziwa mzigo wake kwa sifa za mlima ambao pengine hajawahi kuuona.

Je, wajua kwamba hata hapa nyumbani kahawa hii imebadilishiwa jina?

Hadi mwaka 2016 Mbozi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mbeya, na kahawa yake ilijulikana sokoni kama kahawa ya Mbeya. Mwaka huo ukazaliwa Mkoa wa Songwe, makao makuu yakiwa Vwawa, ukichukua Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na mji wa Tunduma. Mkoa ulihama, lakini maandishi kwenye mifuko ya kahawa ughaibuni hayakuhama. Wakaangaji wengi wa Ulaya na Marekani bado huandika "Mbeya", wengine huunganisha "Mbeya, Mbozi", na wachache mno ndio wanaoandika Songwe.

Mgeni anayetaka kuufuata mfuko huo hadi shambani anachanganyikiwa zaidi akishuka kwenye ndege, kwani Uwanja wa Ndege wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa kahawa bora wa Mbozi, Mbinga na kaskazini walipoungana kuuza kahawa yao moja kwa moja nje, chama chao kiliitwa Kilicafe. Mlima ulishinda tena. Kahawa ya Mbozi ni mtoto aliyelelewa kwa jina la mjomba: amesoma, amefanikiwa, na sifa zote zinakwenda kwa mjomba.

Je, wajua kwamba mama yake arabika ni mwenyeji wa Tanzania?

Kila mtu anajua arabika ilitoka Ethiopia. Kisichosemwa sana ni kwamba arabika ni chotara. Mibuni yote ya arabika iliyopo leo duniani inatokana na tukio la zamani sana, ambalo watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2024 walilikadiria kuwa la miaka takribani 600,000 iliyopita, pale aina mbili za mibuni ya porini zilipochavushana. Baba ni robusta. Mama ni mbuni mwembamba wenye majani madogo uitwao kitaalamu *Coffea eugenioides*, na huo huota wenyewe katika misitu ya Kongo mashariki, Rwanda, Burundi, Uganda, magharibi mwa Kenya na magharibi mwa Tanzania. Kafeini yake ni ndogo mno na punje zake ni haba, ndiyo maana hakuna aliyejishughulisha nao hadi miaka ya karibuni, wapishi wa kahawa walipoanza kuutumia kwenye mashindano ya dunia na bei yake ikapaa.

Robusta naye hatumwiti mgeni. Wahaya wa Kagera waliijua kahawa kabla ya Mzungu yeyote kufika na miche yake. Waliichemsha ikiwa mbichi pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, wakaitafuna. Mgeni alikaribishwa kwa punje za kutafuna, na waliochanjiana damu walitafuna punje mbili za tunda moja kutimiza undugu wao.

Arabika ya kunywa, kwa upande wake, ilizunguka dunia kabla ya kurudi karibu na kwao. Kutoka Ethiopia ikavuka bahari hadi Yemen. Kutoka Yemen Wafaransa wakaipeleka kisiwa cha Bourbon, ambacho sasa kinaitwa Réunion, mwanzoni mwa karne ya 18. Kutoka kisiwani, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaja nayo pwani yetu, wakaijaribu Bagamoyo walikofungua misheni mwaka 1868, kisha wakapanda nayo hadi Kilema, Kilimanjaro, miaka ya 1890. Joto la Bagamoyo liliishinda, baridi ya Kilema ikaipokea.

Mbozi ilisubiri kidogo. Wamoravian walifungua misheni yao Mbozi mwaka 1899, katikati ya Wanyiha, lakini kahawa kama zao la biashara ilishamiri hasa kati ya vita kuu mbili, walowezi wa Kizungu walipofungua mashamba kwenye uwanda wa Mbozi. Wakulima wadogo wakaichukua, na baada ya uhuru ndio walioibeba. Leo mashamba makubwa yapo, lakini sehemu kubwa ya kahawa hutoka kwa kaya zenye ekari moja au mbili, mahindi na maharage yakiwa pembeni, na Mbozi inatajwa miongoni mwa wilaya zinazoongoza nchini kwa arabika.

Mbegu iliyotawala kusini ni N39, ya ukoo wa Bourbon, iliyochaguliwa Lyamungo, wilayani Hai, ambako kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa mwaka 1934. Jirani yake mashambani ni KP423, ya ukoo wa Kent uliotoka India. Ukimwuliza mzee wa Mbozi amepanda mbegu gani, huenda asikutajie namba. Atakwambia tu "ile ya zamani", na kwa sauti yake utajua kwamba ndiyo anayoiona tamu.

Je, wajua kwamba mvua ya msimu mmoja ni bahati kwa mbuni?

Kilimanjaro ina vuli na masika. Mbozi ina msimu mmoja: mvua huanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja, hukatika mwezi wa nne au wa tano, kisha ni ukame mpaka mvua irudi. Kwa mkulima wa mahindi hiyo ni karata moja tu ya kucheza. Kwa mbuni ni saa ya ukutani.

Machipukizi ya maua hulala kwenye vifundo vya matawi miezi yote ya kiangazi, madogo, ya kijani, yamefunga. Hayafunguki kwa joto wala kwa mbolea. Yanasubiri kiu ikatishwe. Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, yanaamka, na baada ya siku nane hadi kumi hivi shamba lote linageuka jeupe kwa pamoja, na harufu yake inakaribia ya yasmini. Siku mbili tatu maua yamenyauka na kuanguka. Anayetaka kupiga picha awe tayari, asiseme atakuja Jumamosi ijayo.

Faida inaonekana miezi saba au minane baadaye. Kwa kuwa maua mengi yalitoka kwa mpigo, matunda mengi yanaiva kwa mpigo, na yanaivia kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hivi hadi wa tisa. Jua la kuanikia lipo, mvua ya kuozesha haipo. Usiku wa Juni na Julai kule juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, ni wa blanketi mbili, na baridi hiyo hulichelewesha tunda kuiva. Tunda linalochelewa hujaza sukari na kukaza punje. Wanaoonja kahawa kwa kazi hueleza arabika ya huku kuwa na uchachu wa kadiri unaofuatwa na ladha ya chokoleti, bila ukali wa kukunja uso.

Lakini tunda zuri linaweza kuharibiwa kwa usiku mmoja, na hapo ndipo mkono wa mtu unapopimwa. Tunda jekundu likishachumwa halilali. Linapaswa kumenywa siku hiyo hiyo, kwa mashine ya mkono nyumbani au kwenye mtambo wa pamoja wa kijiji ambao kila mtu anauita CPU. Punje zinazotoka zimefunikwa na utelezi. Zinavundikwa kwenye tangi ili utelezi uachie, na muda hautabiriki: usiku wa joto saa 12 zinatosha, usiku wa baridi wa Mbozi unaweza kudai siku nzima na zaidi. Mzoefu hana haja ya saa. Anachota gao la punje, anazisugua kwa maji. Zikiteleza, bado. Zikikwaruza na kutoa mlio wa changarawe, fungulia maji zioshwe sasa hivi, kwani zikizidi zitaingia harufu ya siki na hakuna mkaangaji duniani atakayeitoa.

Kisha zinaanikwa kwenye meza za waya, wiki mbili kwa wastani, zikigeuzwa mara kwa mara, zikifunikwa jua la mchana likizidi na zikifunikwa tena usiku kukwepa umande. Wengi wa wanaosimama kwenye meza hizo ni kina mama, wakitoa kwa vidole punje zilizomeguka, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi. Kilo tano hadi sita za matunda mekundu hutoa kilo moja tu ya kahawa safi iliyokobolewa, na ile kilo moja ikikaangwa hupoteza tena gramu 150 hadi 200. Anayelalamika kahawa ni ghali angefanya hesabu hiyo kwanza.

Je, wajua kwamba ukungu wa ugonjwa mmoja mbaya sana wa kahawa umepewa jina la kahawa, tena kwa Kiswahili?

Ugonjwa wenyewe wakulima wanauita chulebuni. Hushambulia tunda likiwa bado bichi, likaingia madoa meusi yaliyobonyea, likakauka na kuanguka au kubaki mtini likiwa maiti. Uliripotiwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1922, na hadi leo haujatoka nje ya Afrika, jambo linaloifanya Amerika ya Kusini isilale usingizi mzuri. Mwaka 1993 wanasayansi walipoutenga ukungu unaousababisha na jamaa zake, waliuandikisha kama *Colletotrichum kahawae*. Mlima ulipata sifa ya kahawa yetu, ukungu ukapata jina lake.

Chulebuni hupenda sehemu za juu zenye ubaridi na unyevu, yaani pale pale kahawa tamu inapopenda kukaa. Dawa za shaba zinausaidia mti, lakini mkulima wa ekari moja atapiga dawa mara ngapi kabla gharama haijala faida? Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001, ilitumia njia nyingine. Kuanzia mwaka 2005 imetoa aina chotara zinazovumilia chulebuni pamoja na kutu ya majani. Kituo chake cha kanda hii kipo Mbimba, Mbozi. Miche mingi huzalishwa kwa vikonyo badala ya mbegu, ili kila mche ufanane na mama yake, maana mbegu ya chotara ikipandwa huleta watoto wa kila sura. Ubishi uliobaki ni wa ladha. Watafiti wanasema vipimo vya uonjaji havioni mpya ikishindwa na ya zamani. Wazee wana maoni yao, na mimi nimeonja zote mbili bila kupata ujasiri wa kuingia kwenye ugomvi huo.

Je, wajua "Tanzania Peaberry" ni nini?

Tunda la kawaida la kahawa lina punje mbili zilizolaliana kwa upande wa bapa. Mara nyingine yai moja la ua hushindwa kukua, na punje iliyobaki hupata nafasi yote, ikatoka ya mviringo. Huko viwandani wanaiita PB. Hakuna mbuni wa PB, hakuna kijiji cha PB, na kila nchi inayolima kahawa inazo, kwa kawaida chini ya punje 10 katika kila 100. Brazil inazo nyingi kuliko sisi. Tofauti ni kwamba Tanzania huzichekecha na kuziuza peke yake, na Wamarekani wamezizoea hivyo kiasi kwamba wapo wanaodhani ni mmea wa kwetu tu.

Kama PB ni tamu zaidi, mabingwa hawakubaliani. Kilicho wazi ni kwamba punje za umbo moja hukaangika kwa usawa, na hilo peke yake linaongeza utamu. Daraja la AA nalo ni ukubwa tu, punje zisizopita kwenye chekeche yenye matundu ya milimita 7 na ushee. Ipo AA ya hovyo, na ipo daraja B ya kukufanya uombe kikombe cha pili. Anayejua zaidi ni muonjaji, ambaye huchota kwa kijiko, hufyonza kwa mlio ambao mama yako angekukemea mezani, kisha hutema. Kahawa ikifikisha alama 80 kati ya 100 inaitwa maalumu. Kwa miongo mingi, mlio huo ulisikika Moshi, ilipo Bodi ya Kahawa na mnada wake, na kahawa ya Mbozi ilisafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda kupigiwa nyundo chini ya kivuli cha ule ule mlima.

Je, wajua kwamba huko inakolimwa hunywewa kidogo?

Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania huenda nje. Mbozi asubuhi ni chai, na kwenye nyumba nyingi kahawa ikipatikana ni ile ya unga ya kopo kutoka Bukoba, iliyotoka upande wa pili wa nchi. Penye miti hapana wajenzi.

Tunduma ni habari nyingine. Mji huu umegusana na Nakonde ya Zambia kiasi kwamba mgeni huweza kuvuka nchi akitafuta chenji. Malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo hupanga foleni hapa, na hata baada ya kituo cha huduma za pamoja mpakani kuzinduliwa mwaka 2019, dereva bado ana masaa ya kuua. Jioni zinapopoa hupita wauza kahawa na birika juu ya jiko la mkaa, tangawizi ndani, vikombe vidogo visivyo na mkono vikigonganishwa, kashata kwenye bakuli. Mtindo wote ni wa pwani, umepanda na barabara hadi milimani. Dereva hunywa chungu kavu, vikombe viwili vitatu, akibishana mpira kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kibemba. Mwulize kahawa hiyo imetoka wapi. Atakwambia Tunduma. Vwawa, ilipo mibuni yenyewe, ameipita na lori saa kadhaa nyuma au ataipita kesho bila kupunguza mwendo.

Kinachowasimamisha wageni Mbozi kwa kawaida ni chuma. Kimondo cha Mbozi, kilichopo Ndolezi, kina uzito wa takribani tani 16 na ni kati ya vimondo vikubwa zaidi vinavyojulikana duniani. Mpima ardhi W. H. Nott alikitangaza kwa ulimwengu mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakikifahamu siku zote. Njia ya kukiendea inakatiza kwenye nchi ya kahawa. Wageni hupiga picha, hugonga chuma kusikia mlio, huondoka. Hakuna anayewauzia kikombe pale, na kwa maoni yangu hiyo ni biashara iliyolala.

Na je, wajua kwamba maji ya Vwawa yanajua kupika kahawa?

Mabingwa wa kahawa hupendekeza maji ya nyuzi 90 hadi 96, kwani ya 100 huunguza na kuibua uchungu. Dar es Salaam inabidi uchemshe, uepue, usubiri dakika moja ndipo umimine. Lakini kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwenye mita 1,500 huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi. Mwenye kahawa yake Vwawa hahitaji kipimajoto: anachemsha, anamimina saa hiyo hiyo, na kikombe kimetoka sawasawa na walivyoagiza mabingwa.